Jinsi ya Kutumia Fedha za Uchaguzi za Washington Kusogeza Uchaguzi wa Mji Wako: Mwongozo Kamili

Katika mji wa Ferguson, Missouri, chaguzi za mji za Aprili 2013 na Aprili 2014 zilivuta takriban asilimia 12 ya wapiga kura walioandikishwa. Theluthi mbili ya wakazi walikuwa Wamarekani Weusi, lakini kati ya madiwani sita mmoja tu ndiye aliyekuwa Mweusi. Agosti 2014 polisi wa mji huo alimpiga risasi na kumuua kijana Michael Brown, na watu wa mbali wakaanza kuuliza: mji kama huu ulipataje serikali isiyofanana na wakazi wake? Sababu zilikuwa nyingi, na kalenda ilikuwa mojawapo. Uchaguzi ulifanyika Aprili, wakati ambapo hakuna rais, seneta wala gavana kwenye karatasi ya kura, na mtu wa kazi za zamu huenda hana hata habari kwamba kuna uchaguzi. Aprili 2015, mji mzima ukiwa umeamka, waliojitokeza walifika takriban asilimia 30 na baraza likapata madiwani Weusi watatu.

Hatuwezi kungoja msiba ndipo watu waende vituoni. Dawa inayodumu ni kuuhamishia uchaguzi siku ambayo watu tayari wanapiga kura. Mwongozo huu nimewaandikia wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, waliotoka Kongo, Kenya, Tanzania, Burundi, Rwanda na kwingineko, wanaotaka kusukuma hoja moja: fedha ambazo serikali ya shirikisho huwapa majimbo kwa ajili ya uchaguzi zifungamane na tarehe ya uchaguzi wa mitaa. Wapo wanaotaka jimbo likikataa linyimwe fedha. Mimi nashikilia kwamba zawadi itafika mbali kuliko adhabu, na hatua ya nne itaonyesha sababu.

Hatua ya 1: Ijue kalenda ya pale unapoishi

Uchaguzi wa shirikisho una siku moja nchi nzima: Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kongresi iliiweka siku hiyo kwa uchaguzi wa rais mwaka 1845, kisha wabunge na maseneta wakafuata kwa sheria za baadaye. Uchaguzi wa meya, madiwani na bodi ya shule hauna siku kama hiyo. Marekani ina serikali za mitaa zaidi ya 90,000, na kila moja inafuata sheria ya jimbo lake au katiba ya mji wake. Kuna wanaopiga kura Aprili, kuna wanaopiga Mei, na wengi hupiga Novemba ya mwaka usiogawanyika kwa mbili.

Haikutokea kwa bahati. Jimbo la New York, katika katiba yake ya 1894, liliutenga uchaguzi wa miji na ule wa kitaifa, na miji mingi ikafanya vivyo hivyo wakati wa mageuzi ya mwanzo wa karne ya 20. Wanamageuzi walisema wanataka kuutoa mji mikononi mwa vyama. Wengine miongoni mwao walifurahia pia kwamba wahamiaji na watu maskini wangepungua vituoni.

Nenda kwenye tovuti ya karani wa kaunti au ofisi ya uchaguzi, au piga simu. Uliza mambo manne: uchaguzi wa mji hufanyika mwezi gani na mwaka gani, uchaguzi wa bodi ya shule ni siku hiyohiyo au nyingine, kuna duru ya kwanza na ya pili au hakuna, na tarehe imeandikwa wapi, kwenye sheria ya jimbo, katiba ya jimbo au katiba ya mji. Swali la nne ndilo watu hulisahau, nalo ndilo linaloamua utapigania wapi.

Hatua ya 2: Pima pengo kwa hesabu isiyobishaniwa

Omba matokeo ya chaguzi nne za mwisho za mji na nne za mwisho za Novemba za jimbo au taifa, ndani ya mipaka ileile ya mji. Gawanya kura zilizopigwa kwa idadi ya walioandikishwa. Usichanganye vigawanyo: ukitumia walioandikishwa kwa uchaguzi mmoja, kisha raia wote wenye umri wa kupiga kura kwa mwingine, mpinzani wako ataiona kasoro hiyo dakika ya kwanza, na hutasikilizwa tena.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mji una wapiga kura 40,000 walioandikishwa. Mei walijitokeza 6,000, Novemba ya mwaka wa rais wakajitokeza 26,000. Hiyo ni asilimia 15 dhidi ya 65. Hapo andika tu: watu 20,000 wanaojua njia ya kituo cha kura hawakuhusika kumchagua anayepanga bajeti ya shule za watoto wao. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko jedwali lolote.

California imeweka kipimo kinachofaa kuigwa. Sheria yake namba SB 415, iliyopitishwa 2015, inasema pengo ni kubwa mno pale ambapo waliojitokeza katika uchaguzi wa mji ni pungufu kwa angalau asilimia 25 ya wastani wa chaguzi kuu nne zilizopita za jimbo. Yaani wastani ukiwa 60, mstari unapita kwenye 45. Kipimo hiki kinasomeka na hakimpi mwanasiasa nafasi ya kuchagua mji autakao.

Mifano ya kweli iliyo mezani ni mizuri. Los Angeles ilimchagua meya Machi 2017 kwa kura takriban 400,000, kama asilimia 20. Baada ya kuhamia miaka ya uchaguzi wa kitaifa, Novemba 2022 Karen Bass na Rick Caruso waliwania umeya mbele ya wapiga kura zaidi ya 900,000, kama asilimia 44, ilhali huo haukuwa hata mwaka wa kumchagua rais. Baltimore ilitoka kwenye takriban asilimia 13 katika uchaguzi wa meya wa 2011 ikafika kama 60 mwaka 2016, ilipounganisha uchaguzi wake na ule wa rais. Na idadi sio habari yote. Utafiti wa mwanasayansi wa siasa Zoltan Hajnal na wenzake kuhusu miji ya California umeonyesha kwamba uchaguzi wa pamoja huwafanya wapiga kura wafanane zaidi na wakazi, kwa umri na kwa asili.

Hatua ya 3: Elewa Kongresi inaweza nini na haiwezi nini

Hapa ndipo hoja nyingi nzuri hufia, kwa hiyo tulia nami.

Ibara ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, kifungu cha nne, inaipa Kongresi mamlaka juu ya wakati, mahali na namna ya kuwachagua wabunge na maseneta. Haisemi lolote kuhusu meya wala diwani. Mwaka 1970, katika kesi ya Oregon dhidi ya Mitchell, Mahakama ya Juu ilisema Kongresi inaweza kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18 kwa uchaguzi wa shirikisho, lakini haiwezi kuwaamuru majimbo wafanye hivyo kwa chaguzi zao. Ndiyo sababu mwaka uliofuata ilibidi Katiba yenyewe irekebishwe. Tena mahakama hiyohiyo, katika kesi za 1992, 1997 na 2018, imerudia kwamba Washington haiwezi kuyashika majimbo mkono na kuyatungisha sheria. Ukimwandikia mbunge wako kwamba Kongresi iamuru miji yote ipige kura Novemba, msaidizi wake ataiweka barua kando.

Mlango uliobaki ni mkoba. Kongresi inaweza kutoa fedha na kuweka sharti. Kesi ya kuijua kwa jina ni South Dakota dhidi ya Dole, ya 1987. Kongresi ilikuwa imesema jimbo litakaloruhusu vijana wa chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa asilimia 5 ya fedha za barabara. Mahakama ilikubali, ikaeleza mipaka: fedha iwe kwa ustawi wa wote, sharti liandikwe wazi kiasi kwamba jimbo linajua linakubali nini, sharti lihusiane na kazi ya fedha yenyewe, lisilifanye jimbo livunje Katiba, na uzito wake usigeuze hiari kuwa kulazimishwa.

Mpaka huo wa mwisho ulipata meno mwaka 2012, katika kesi ya sheria ya bima ya afya ya Rais Obama. Majimbo yaliambiwa yapanue Medicaid, mpango wa serikali wa bima ya afya kwa watu wa kipato cha chini, la sivyo yangepoteza hata fedha za Medicaid yalizokuwa nazo, zaidi ya sehemu ya kumi ya bajeti zao. Majaji saba kati ya tisa walikataa, na Jaji Mkuu John Roberts akalifananisha jambo hilo na kuwekewa bastola kichwani.

Jambo jingine: sharti litoke Kongresi. Machi 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kiutendaji iliyojaribu, pamoja na mengine, kuzinyima fedha za uchaguzi majimbo yanayohesabu kura za posta zinazofika baada ya siku ya uchaguzi. Majaji wa shirikisho walisimamisha sehemu kadhaa za amri hiyo. Hata ukimpenda rais aliyepo, usijenge hoja yako juu ya kalamu yake.

Hatua ya 4: Zifuate fedha zenyewe

Baada ya fujo za kuhesabu kura za rais huko Florida mwaka 2000, Kongresi ilipitisha Sheria ya Kuisaidia Marekani Kupiga Kura, inayojulikana kwa herufi HAVA, na Rais George W. Bush akaitia saini Oktoba 2002. Sheria hiyo iliunda Tume ya Kusaidia Uchaguzi, EAC, yenye makamishna wanne ambao nafasi zao zimegawanywa sawa kati ya vyama viwili, na ikafungua mfereji wa ruzuku kwa majimbo. Fedha za kifungu cha 101 ni za kuboresha uendeshaji wa chaguzi za nafasi za shirikisho: mashine, daftari la wapiga kura, mafunzo ya wasimamizi, ulinzi wa mitandao.

Sasa tazama mfereji huo ulivyokauka. Mwaka 2018 zilitoka dola milioni 380. Kwa mwaka wa fedha 2020 zilitoka milioni 425, na janga la korona likaongeza milioni 400. Mwaka 2022 na 2023 zikawa milioni 75 kila mwaka, 2024 milioni 55, na 2025 milioni 15. Hata ukizigawa milioni 15 kwa majimbo 50 tu, wastani ni dola 300,000 kwa jimbo. Hakuna bunge la jimbo litakalobadili kalenda ya miji yake yote kwa kuogopa kupoteza kiasi hicho. Kwa hiyo anayetaka kuadhibu kwa fedha za sasa anatishia kwa fimbo isiyo na uzito, na kibaya zaidi, akifanikiwa kukata anayeumia ni karani wa kaunti ndogo aliyekuwa akingoja kubadilisha mashine kuukuu.

Ndiyo maana nasema zawadi. Iombwe fedha mpya, mbali na ruzuku za kawaida, zilipe gharama halisi za kuhama: mashine zinazomudu karatasi ndefu, uchapaji, kubadili daftari, kuwatangazia watu tarehe mpya. Gharama hizo si za kufikirika. Kaunti ya Los Angeles kwa miaka mingi ilikuwa ikikataa maombi ya miji iliyotaka kujiunga na uchaguzi wa Novemba kwa sababu mfumo wake wa zamani haukuweza kubeba majina mengi. Njia ilifunguka ulipoingia mfumo mpya mwaka 2020. Fedha za vifaa ndizo zilizokuwa kufuli.

Mfano huo unakusaidia pia kwenye mtihani wa uhusiano uliotajwa katika kesi ya Dole. Daftari ni lilelile, mashine ni zilezile, wasimamizi ni walewale. Mji unapofanya uchaguzi wake Mei, vifaa vya shirikisho vinatumika mara ya pili kwa watu wachache. Unapohamia Novemba, kila dola ya shirikisho inahudumia karatasi yote. Liandike hilo ndani ya utangulizi wa sheria, wala usilibakize kwenye hotuba.

Hatua ya 5: Andika sharti lenyewe

Usiende kwa mbunge na wazo peke yake, nenda na karatasi. Si lazima uwe mwanasheria, ila lazima kila neno liwe na mpaka. Hivi ndivyo ningeanza:

"Jimbo litastahili ruzuku ya kuhama ikiwa sheria zake zinaruhusu au zinataka chaguzi za kawaida za meya, madiwani, maofisa wa kaunti na bodi za shule zihitimishwe siku ya uchaguzi mkuu wa shirikisho. Ruzuku italipwa kwa kadiri ya idadi ya wakazi wa maeneo yaliyohama. Angalau robo tatu ya ruzuku itafikishwa kwa kaunti na miji inayobeba gharama."

Kila kipande kina sababu yake.

Neno "zihitimishwe" limewekwa kwa ajili ya duru ya kwanza. Kuna mahali ambapo mgombea akivuka nusu ya kura Machi au Juni, mambo yamekwisha, na Novemba jina lake halionekani tena. Ukiandika tu "uchaguzi ufanyike mwaka wa kitaifa", mji unaweza kupokea fedha na bado kumpata kiongozi wake katika siku ya watu wachache.

"Chaguzi za kawaida" inaacha nje uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi, na pia mikutano ya miji ya Vermont, Maine na New Hampshire, ambako wakazi hukusanyika ana kwa ana kupitisha bajeti. Utaratibu huo wa zamani una thamani yake, na ukiugusa utapata maadui wasio wa lazima.

Malipo kwa idadi ya wakazi waliohama, badala ya ndiyo au hapana ya jimbo zima, yanatokana na yaliyotukia mahakamani. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya California iliamua katika kesi ya mji wa Redondo Beach kwamba SB 415 haiigusi miji yenye katiba yake. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Arizona iliipa Tucson ushindi wa namna hiyo dhidi ya jimbo. Basi jimbo linaweza kutimiza kila liwezalo na bado miji mikubwa ikabaki nje kihalali. Ukilihukumu kwa hilo utakuwa umelidhulumu; ukililipa kwa kila mji unaokubali, umeuachia mji uamuzi na umeuwekea kishawishi palepale.

Robo tatu ni pendekezo langu, na namba inaweza kujadiliwa. Ila usikubali kifungu hicho kifutwe. Fedha zinazoishia makao makuu ya jimbo hazimnunulii karani hata karatasi.

Ongeza muda: mizunguko miwili ya uchaguzi tangu jimbo lipokee fedha, ili miji ipate nafasi ya kupanga mihula. Ongeza pia msamaha kwa majimbo matano yanayochagua magavana wao katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, yaani Virginia, New Jersey, Kentucky, Louisiana na Mississippi. Kwao, kuuhamishia uchaguzi wa mji siku ya uchaguzi wa gavana ni hatua inayostahili nusu ya zawadi. Virginia tayari imetoa chaguzi za miji Mei na kuziweka Novemba, kwa sheria ya 2021.

Hatua ya 6: Panga mihula kabla hujaulizwa

Huwezi kuhamisha tarehe bila kurefusha au kufupisha muhula wa mtu. Los Angeles ilirefusha: waliochaguliwa 2015 na 2017 walikaa miaka mitano na nusu. San Francisco nayo, wapiga kura walipopitisha Pendekezo H Novemba 2022, ilimwongezea meya London Breed mwaka mmoja, na Novemba 2024 akashindwa na Daniel Lurie. Jimbo la New York lilikwenda njia ya pili. Sheria iliyotiwa saini na Gavana Kathy Hochul Desemba 2023 ilihamisha chaguzi nyingi za kaunti na miji midogo kwa kuwapa waliochaguliwa muhula mfupi mara moja. Kaunti kadhaa zilipinga mahakamani, wakashinda ngazi ya kwanza, wakashindwa kwenye rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaipitisha sheria.

Ushauri wangu ni kufupisha. Mwananchi akisikia kwamba diwani amejiongezea mwaka kazini, hatasikiliza habari za mahudhurio tena. Na kama katiba ya mji inataka kurefusha tu, basi swali lipelekwe kwa wapiga kura wenyewe, siku ya Novemba yenye watu wengi.

Hatua ya 7: Jiandae kwa wapinzani, na uwasikilize

Hoja yao iliyo nzito kuliko zote ni kwamba habari za mji zitamezwa na kelele za kitaifa. Mtu ataingia kituoni akimfikiria rais, atapiga kura kwa chama, na suala la mifereji ya maji machafu litapotea. Kuna ukweli ndani yake. Wengine pia huchoka kabla ya kufika chini ya karatasi wakaacha nafasi za mji wazi. Lakini hesabu haibadiliki: hata ukiwaondoa wanaoacha wazi, wanaobaki ni wengi kuliko wa Aprili. Na sisi tuna ushahidi wa nyumbani. Mkenya hupiga kura sita siku moja, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi. Tanzania huchagua madiwani siku moja na rais, ingawa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji huchaguliwa mwaka mmoja kabla, kama ilivyokuwa Novemba 2024. Mama aliyefanya hivyo Kisumu au Tanga haelemewi na karatasi ndefu Columbus.

Watakutajia pia New York. Novemba 2025, mwaka usiogawanyika kwa mbili, watu zaidi ya milioni mbili walijitokeza na kumchagua Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, kuwa meya. Siku hiyohiyo walikataa pendekezo la kuhamishia uchaguzi wa jiji miaka ya rais. Ukitajiwa, kubali kwamba ni kweli, kisha kumbusha kuwa uchaguzi wa meya wa 2021 katika jiji hilohilo ulivuta takriban asilimia 23. Kinyang'anyiro kikali kinaweza kuujaza uchaguzi wowote, na miji mingi haipati kinyang'anyiro kama hicho hata mara moja kwa kizazi.

Kisha kuna wapinzani wasiosema sababu yao. Sarah Anzia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ameonyesha kwa utafiti wake kwamba uchaguzi wa watu wachache huyapa nguvu makundi yaliyojipanga, kama vyama vya walimu, polisi na zimamoto, kwa kuwa wanachama wao hufika hata mvua inyeshe. Hawana kosa kujipanga. Wafuate mapema, hasa walimu, wengi wao ni marafiki wa watoto wetu. Waulize wanahofia nini kuhusu mikataba yao, na uwe tayari kusikia jibu lisilokufurahisha.

Hatua ya 8: Peleka hoja, na usingoje Washington

Sheria ya kudumu itapitia Kamati ya Usimamizi ya Baraza la Wawakilishi na Kamati ya Kanuni na Usimamizi ya Seneti. Fedha zenyewe zinapitia kamati za matumizi za pande zote mbili. Njia fupi ni kipengele ndani ya sheria ya matumizi ya mwaka, lakini hufa mwaka ukiisha. Njia ndefu ni kuirekebisha HAVA. Omba zote mbili. Kutana na msaidizi wa mbunge katika ofisi ya wilaya, pale mjini kwako, ukiwa na kurasa mbili: hesabu ya hatua ya pili na kifungu cha hatua ya tano. Nenda na karani wa uchaguzi kama atakubali. Karani akisema "nahitaji fedha za mashine ili niweze", kikao kinabadilika.

Wakati huohuo fanya kazi kwenye jimbo na mji, maana fedha za shirikisho hazitakuwa na mtu wa kuzipokea kama mlango wa sheria ya jimbo umefungwa. Kama tarehe iko kwenye katiba ya mji, baraza linaweza kuiweka mbele ya wapiga kura, na mahali pengi wananchi wanaweza kukusanya saini. Wapiga kura wa Los Angeles waliamua Machi 2015, wa Phoenix Agosti 2018. Wote waliamua katika uchaguzi wa watu wachache, jambo linalonipa moyo.

Mambo mawili ya usalama. Kanisa, msikiti au jumuiya iliyosajiliwa kama shirika la hisani la 501(c)(3) inaweza kuzungumzia sheria kwa kiasi fulani, lakini hairuhusiwi kabisa kumpigia debe mgombea. Na ndugu ambaye bado hajapata uraia anaweza kuandika barua, kuzungumza kwenye kikao cha hadhara na kuhudhuria ofisini kwa mbunge, ila asijiandikishe wala kupiga kura ya shirikisho, hata akishawishiwa na mtu mwenye nia njema. Kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Miji michache, kama Takoma Park huko Maryland, inawaruhusu wasio raia kupiga kura ya mji. Huko, uchaguzi unapounganishwa na wa shirikisho, sheria lazima itaje karatasi ya kura ya peke yake kwa ajili yao, na nisingeunga mkono rasimu yoyote isiyolitaja hilo.

Hatua ya 9: Tarehe ikishahama

Mwaka wa kwanza ndio mgumu. Watu waliozoea Mei watadhani uchaguzi umefutwa, na wageni wa Novemba watakuta majina wasiyoyajua nyuma ya karatasi. Mwombe karani sampuli ya karatasi ya kura mapema, keti na watu msikitini, kanisani au kwenye chama cha kufa na kuzikana, na mpitie nafasi moja baada ya nyingine: huyu anasimamia nini, analipwa na nani, anaweza kukufanyia nini. Anzeni chini, kwenye bodi ya shule, mpande hadi kwa rais.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura haikitaji Kiswahili kati ya lugha ambazo kaunti inalazimika kuzichapisha. Lakini kifungu chake cha 208 kinampa mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika haki ya kuingia na msaidizi amtakaye mwenyewe, mradi tu asiwe mwajiri wake wala wakala wa mwajiri huyo, wala ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mwambie bibi aingie na mjukuu wake. Msimamizi akikataa, mwombe kwa adabu apige simu ofisi ya kaunti palepale, na bibi asiondoke kwenye foleni.